Unaanza sheria mu Lubumbashi? Angalia hii mbele ya kununua bintu ya masomo

Jambo bandugu, jambo bamama, karibu tena. Leo minaongea na weye mwenye jina yako imetoka ku fakulte ya sheria, uko na feza kidogo yenye papa ao mama alikupatia ya kununua bintu ya masomo, na kila mutu anakuambia yake, huyu anasema nunua kompyuta, mwingine anasema kostime, mwingine saki ya ngozi juu eti muavoka habebake saki ya mugongo. Ngoja kwanza. Ile feza usiitoe leo, angalia mpaka mwisho njo ushuke ku soko.

Hapa ku meza nimetandika bintu yenye miye natumika nayo kweli, niko mwaka ya tatu sasa. Munaona haiko mingi. Nilinunuaka na ingine mingi, ile iko chini ya kitanda.

Tuanze na kode, ni kusema kitabu yenye artikele ya sheria iko ndani. Hii njo kintu ya kwanza, na kama feza inatosha kintu moya tu, iende hapa. Sheria bila kode ni sawa kushona bila sindano, prof atasema artikele fulani, alinea ya pili, wenzako banafungua, weye unaangalia mudomo yake. Lakini hapana kila kode. Kode yenye mabadiliko iko ndani, njo ile. Sikiliza namna ilinifikia miye: mwaka ya kwanza nilipata Kode ya familia ya bei ya chini ku barabara, imefungwa muzuri, bila mukunjo, nikafurahi, nikasoma usiku kwa usiku. Ku interogasio banauliza juu ya mwanamuke mwenye bwana akitaka kufanya mukataba, miye nikajibu bila woga kwamba lazima bwana yake amupe ruhusa, artikele 448, nikaandika na namba. Zero. Asistanti aliniita kisha, aliongea pole pole, akasema: « Mama, weye uko unajibia sheria ya mama yako. » Juu ile artikele ya 1987 ilibadilishwa mu 2016, sasa inasema bwana na bibi basikilizane bote babili. Ile siku iliniuma hapana juu ya pwe (alama) tu, iliniuma juu nilikuwa naamini kwamba sheria ya inchi yangu iko vile, na miye ni mwanamuke.

Basi tufanye hivi. Unafika kwa muuzishaji, unamusalimia, unalomba kode, na mbele ya kutoa franga hata moya unaifungua hapo hapo. Musione haya, ni feza yenu.

Kode ya familia: ni sheria namba 87-010 ya tarehe 1/8/1987, na sheria yenye iliibadilisha ni 16/008 ya tarehe 15/7/2016. Fungua artikele 352. Kama inasema mwanaume miaka 18 lakini mwanamuke miaka 15 anaweza kuolewa, rudisha polepole, sema aksanti papa, endelea na njia. Ya mupya inasema 18 kwa bote babili.

Katiba: ni ya tarehe 18/2/2006, iko na artikele 229, na ilibadilishwa tarehe 20/1/2011. Fungua artikele 71, kwenye wanaongea namna ya kuchagua prezida. Ukikuta « majorité absolue » ni ya zamani, ukikuta « majorité simple » ni ile ya 2011. Sekunde kumi, basi.

Kode penale, ile ya makosa na azabu, yenyewe ni dekre ya tarehe 30/1/1940. Angalia kama sheria 06/018 ya tarehe 20/7/2006, ile juu ya kubaka na makosa ingine ya ngono, imeingizwa mu kitabu, kama haiko acha.

Na hapa batu bengi banakoseaka: tarehe ya mbali haimaanishe kode imekufa. Kode sivile kitabu ya tatu, ile ya mikataba, ni dekre ya tarehe 30/7/1888, na mpaka leo njo tunasoma. Usiitupe juu ya 1888. Uliza tu kama mabadiliko iko ndani.

Usinunue yote mara moya. Mwaka ya kwanza Katiba na Kode ya familia inatosha kuanza, ingine unaangalia programu ya promosio yako. Kode ya mine (migodi), najua hapa kwetu kila mutu anaongea mine, ile ya 2002 na mabadiliko ya 2018, lakini ile itakungojea. Na kama feza haiko, ingia ku leganet.cd, sheria mingi ya Kongo iko pale unasoma bure, siku yenye uko na mega ao wifi ya mutu shusha yote ku telefone, juu siku ya kuitafuta kweli njo siku yenye mega haiko. Lakini telefone hautaingia nayo ku mitihani, kwa hiyo pole pole tafuta ya karatasi. Sisi tulifanyaka likelemba, kuchangia feza kwa zamu, batu bane, kila mwezi mumoya anapata kode yake, mpaka bote tukapata.

Kintu ingine, silabusi, ile kitabu ya masomo yenye prof anaandika. Usinunue ya mwaka yenye ilipita mbele prof hajaingia. Ngoja asome mara moya ao mbili, uliza CP (mukubwa wa promosio), kisha njo ununue ao ufanye fotokopi. Unaweza kukuta amebadilisha nusu ya masomo.

Sasa karatasi. Miye nilianzaka na kaye kumi, kila somo na kaye yake, na kila asubui nilisahau ile yenye nilikuwa nayo lazima. Sasa niko na farde moya kubwa yenye matundu, natoboa karatasi, naipanga. Angalia hapa: upande ya kushoto napiga mustari na late (rula), pale naandika namba ya artikele tu. Rangi tatu tu, manjano kwa maana ya maneno, kijani kwa artikele, rose kwa eksepsio, ni kusema pale kanuni haifuatwe. Ile rose ndio ya mayele, juu maprof banapendaka kuuliza eksepsio. Na mbele ya kupaka rangi ao kuandika ndani ya kode yenyewe, uliza kwanza kama siku ya mitihani banakubali kode yenye maandishi, maprof bengine banakatala, kwa hiyo tumia krayo, inafutika.

Tena ka fishi haka, karatasi ngumu umekata nusu. Mbele nimeandika artikele 258 ya kode sivile kitabu ya tatu, ile juu ya kulipa hasara yenye umeletea mutu, nyuma nimeandika bintu tatu: kosa, hasara, na kamba yenye inafunga kosa na ile hasara. Nilikuwa nasoma hivi mu taksi ya kwenda Kasapa, ku kampusi. Ukikosa kamba, kesi imeanguka hata kosa ikuwe kubwa namna gani.

Taa ya kuchaji, ndiyo, nunua, mbele ya kompyuta. Moto inakatika usiku wa mbele ya mitihani na hakuna mutu ataahirisha mitihani juu yako. Chaji taa na pawa banki saa moto iko, hata haujaihitaji.

Kompyuta inaweza kungoja. Ukinunua okazyo (yenye mutu alishatumika nayo), iache iwake bila waya nusu saa uone batri, na uangalie kama klavye ni AZERTY, juu utaandika TP (kazi yenye prof anatoa) ya Kifaransa yenye aksanti mingi. Kostime moya safi inatosha. Toga, ile kanzu ya muavoka, achana nayo kwanza, ni ya kisha.

Ukifika ku nyumba, funika kode na plastiki mbele mvua ya mwezi wa 11 haijashika, andika jina yako ndani hapana juu tu, na ukimwazima mutu, andika jina yake na tarehe ku karatasi ya mwisho ya farde, mbele yake, akiwa anaona.