Farasi Hakuwa wa Perseus

Asanteni. Kaeni, kaeni. Nimeombwa nizungumze juu ya "mbinu za kuandaa timu za chemsha bongo", na walionisikia siku za nyuma nawaona wameshaanza kucheka chinichini, maana wanajua nitaishia wapi. Nitaishia kwa yule farasi. Tena leo nitaanzia kwake, ili wenye shughuli zao wapate kutoka mapema.

Kanuni mnazijua. Nikumbushe moja tu, kwani bila hiyo kisa hakina uzito. Mchezo ule tuliuendesha kwa taratibu za University Challenge ya Uingereza, kipindi cha chemsha bongo cha televisheni kilichoanza kurushwa mwaka 1962. Swali la kufungulia lina pointi 10. Ukibonyeza kabla halijasomwa lote na ukakosea, unakatwa 5, na wapinzani wako wanasomewa mpaka mwisho. Hakuna kunong'onezana: aliyebonyeza ajibu mwenyewe.

Basi, timu mbili za wanafunzi, 170 kwa 160. Jioni nzima walikuwa wakipokezana uongozi, na sasa zimebaki sekunde chache. Swali lililofuata nililitunga mimi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya waamuzi, midomo yangu ikienda sambamba na ya msomaji: "Farasi mwenye mabawa aliyechomoza shingoni mwa Medusa..."

Kitufe! Kijana wa timu inayoongoza. "Perseus!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwalimu wake akasimama, mikono juu. Mimi nikafumba macho. Msomaji, kwa sauti ileile isiyo na huruma, akasema si sahihi, pointi tano zinatoka, kisha akawageukia wa pili na kuendelea: "...alitiwa hatamu ya dhahabu na shujaa gani wa Korintho, aliyempanda kwenda kumuua Chimaera?" Binti mmoja, ambaye tangu mwanzo hakuwa amegusa kitufe zaidi ya mara mbili, akabonyeza na kusema taratibu, kama anayeomba apishwe njia: "Bellerophon." 170 kwa 165. Kengele ikalia, mchezo umekwisha.

Waliokuwa mbele kwa 10 wamefungwa kwa 5. Ndani ya swali moja!

Sasa nisikilizeni. Yule kijana hakukosa elimu. Alijua Medusa, yule jitu la kike la visasili vya Kigiriki mwenye nyoka kichwani, alikatwa kichwa na nani: na Perseus. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza hilo. Baadaye nilimwona na rundo lake la kadi, zimeandikwa kwa mkono mzuri sana: upande huu "Medusa", upande wa pili "Perseus". Upande huu "Poseidon", upande wa pili "bahari". Mamia ya kadi. Ametayarishwa kama mlango wa umeme: ukipita tu, unafunguka, hata kama ni paka. Na aliyemtayarisha hivyo ni mmoja wenu. Simtaji jina, ananitazama.

Msiniletee "haraka haraka haina baraka". Katika mchezo huu haraka ndiyo baraka yenyewe. Anayesubiri swali liishe kila mara hafiki popote. Ninachosema ni kwamba kuna haraka ya mtu anayeijua njia na haraka ya mtu aliyeona kibao kimoja tu. Anayejua kisa chote, akisikia "farasi aliyechomoza shingoni mwa Medusa", anajua maneno hayo yanamwelekeza kwa farasi, si kwa muuaji, na kwamba farasi yule ana maisha marefu mbele yake. Kwa hiyo anasubiri neno moja zaidi. Moja tu! "Hatamu" ingemtosha.

Mwalimu wake alikata rufaa, na rufaa yenyewe naipenda kuliko mchezo. Alisema: "Lakini Perseus alimpanda Pegasus, kila mtu anajua." Kila mtu anajua! Pegasus ndiye farasi wetu. Ndiyo, mchoraji Rubens amemchora farasi huyo kando ya Perseus na Andromeda, binti aliyemwokoa. Ndiyo, filamu ya Clash of the Titans ya mwaka 1981 inampandisha Perseus juu ya Pegasus kweupe kabisa. Lakini kwa washairi wa kale wa Kigiriki hali ni nyingine. Hesiod anasema Perseus alipokata shingo ile, walitoka Chrysaor na Pegasus, na farasi akapaa kwenda kwa Zeus. Huyohuyo Hesiod anasema Chimaera aliuawa na Pegasus pamoja na Bellerophon. Pindar anasimulia jinsi mungu wa kike Athena alivyomletea Bellerophon hatamu ya dhahabu usingizini. Perseus alikuwa na usafiri wake: viatu vyenye mabawa.

Atasimama mtu aseme, labda kwenda alikwenda kwa viatu, kurudi akarudi na farasi. Vizuri. Mfungueni Ovid, mshairi wa Kirumi. Perseus anapambana na yule dubwana la baharini ili amwokoe Andromeda, hii ni baada ya Medusa kufa, na maji ya bahari yanamrukia hadi viatu vinalowa, haviamini tena, inabidi atafute mwamba wa kukanyagia. Mtu mwenye farasi wa kuruka anahangaikaje na viatu vilivyolowa? Rufaa ilikataliwa.

Lakini haki itendeke. Mama mmoja, mwamuzi mwenzangu, aliniambia faragha kuwa swali langu lilikuwa na kona kali: limeanza na jina linalojulikana na wote, kisha likageuka. Nilikasirika kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisha nikakubali. Leo ningeliandika kinyume, dokezo gumu kwanza, jepesi mwisho, ili kila anayejua zaidi apate kubonyeza mapema kwa usalama. Ningeanza na barua.

Mnaikumbuka barua? Hamuikumbuki, na ndiyo maana nakasirika, kwa sababu ni kati ya mambo matamu kabisa ya Iliad, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, kitabu cha sita. Mke wa mfalme Proetus anamtaka Bellerophon, kijana anakataa, mwanamke anamsingizia. Mfalme anaogopa kumuua mwenyewe. Anamtuma Lycia, kwa baba wa yule mwanamke, amebeba kibao kilichokunjwa kikiwa na alama za mauti ndani: huyu anayekuletea, muue. Kijana amebeba kifo chake mkononi, na hajui. Kule anapokewa kwa heshima, siku tisa karamu, ng'ombe tisa wanachinjwa, na siku ya kumi ndipo mwenyeji anaomba kuona alichotumwa. Katika Homer yote hapo ndipo penye dalili ya maandishi. Ndipo anapotumwa kwa Chimaera: simba mbele, joka nyuma, mbuzi katikati, anapumua moto. Sasa niambieni, aliyewahi kukaa na kisa hiki dakika kumi tu anaweza kumsahau Bellerophon? Kadi haina siku tisa za karamu. Kadi ina "Chimaera — Bellerophon", na ikifika jioni ya fainali imeshafutika.

Kuna watakaosema visasili hivi ni vya mbali, havishikiki. Mbona Fumo Liyongo mnamshika? Sindano ya shaba, kitovuni, mkononi mwa mwanawe: hakuna aliyeifanyia kadi. Kisigino cha Achilles, mahali pekee alipoweza kuuawa, ni kisa cha aina hiyohiyo. Na hapo pia mtu hupoteza pointi kwa kusema kimo ndani ya Iliad. Hakimo. Wala farasi wa mbao, yule aliyewaficha Wagiriki ndani yake, hamo. Iliad inaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troy. Na sanduku la Pandora, lile lililotoa maovu duniani, lilikuwa mtungi. Sanduku ni kazi ya mwanazuoni Erasmus, karne ya 16.

Nilikuwa nimeandika sehemu nzima juu ya majina ya Kirumi, kama mwamuzi akubali Minerva pale aliposubiri Athena. Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo kwa kifupi: swali liseme linataka jina lipi, basi. Sehemu ya mafunzo ya kubonyeza tunairuka.

Hili la waamuzi siliruki. Mkilalamika kuwa waamuzi wetu ni wakali, kumbukeni Eurystheus, mfalme aliyempangia Heracles kazi zake. Kwa Apollodorus, mwandishi wa visasili, kazi za Heracles zilikuwa 10. Zikawa 12 kwa sababu Eurystheus alizikataa mbili: ya joka Hydra, kwa kuwa mpwa wake Iolaus alimsaidia, na ya zizi la Augeas, kwa kuwa Heracles alitaka ujira. Joka limekufa, zizi linang'aa, mwamuzi anasema haihesabiki. Na Heracles, mwenye rungu lile, akaenda kuzifanya nyingine mbili! Hakuandika rufaa.

Na la mwisho, kwa watunga maswali wenzangu. Calchas, mwaguzi wa jeshi la Wagiriki, ndiye aliyeona nyoka akila vifaranga wanane na mama yao, akatabiri kuwa Troy itatekwa mwaka wa kumi, na ikatekwa. Vita vilipokwisha akakutana na mwaguzi mwingine, Mopsus, huko Claros, wakashindana. Calchas akauliza: mtini huu una tini ngapi? Mopsus akajibu: elfu kumi, zinajaa kipimo kimoja, na inabaki moja isiyoingia. Zikahesabiwa, ikawa hivyo hivyo. Calchas akafa kwa uchungu. Angalieni ni nani aliyekufa: aliyeuliza! Tangu niisome habari hiyo, nazihesabu tini zangu mara mbili kabla sijampa msomaji karatasi.

Haya, maswali. Wewe uliyenyoosha mkono pale nyuma tangu nilipomtaja Rubens: nilikuwa sijamaliza. Umeshakatwa tano.