Jin Boyang: Mizunguko Minne Hewani

Mabibi na mabwana, wapenzi wa michezo, asanteni kwa kuja. Najua wapo waliokuja kwa udadisi tu: mtu wa pwani ana lipi la kusema juu ya barafu? Ni kweli, wengi wetu barafu tunaijua ndani ya glasi ya juisi. Aliyewahi kuingia ule ukumbi wa kuteleza wa Panari, Nairobi, anyooshe mkono. Wawili. Basi nyinyi wawili mtanisaidia kuwaambia wenzenu kwamba kule hata kusimama wima ni kazi.

Nimekuja kuzungumzia kijana mmoja wa Kichina, Jin Boyang, mchezaji wa kuteleza kwenye barafu kwa miruko na muziki. Alizaliwa Oktoba 1997 mjini Harbin, kaskazini-mashariki kabisa mwa China, ambako mto Songhua huganda wakati wa baridi na watu hukata mapande ya barafu yake wakajengea majumba ya maonyesho. Harbin imelea mabingwa. Shen Xue na Zhao Hongbo, dhahabu ya Olimpiki 2010, wametoka huko. Sui Wenjing na Han Cong, dhahabu ya 2022, huko huko. Lakini tazameni vizuri: hao wote waliteleza wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Kwa wanaume wanaoingia uwanjani peke yao, hadi mwanzoni mwa 2016 China ilikuwa haijawahi kupata hata medali moja ya ubingwa wa dunia.

Sasa nivumilieni kidogo nieleze mruko mmoja, maana bila huo hadithi hii haina ladha. Unaitwa Lutz. Mchezaji anakuja kinyumenyume, uzito wote ukiwa kwenye ukingo wa nje wa chuma cha kiatu cha kushoto, na njia yake inapinda kuelekea upande mmoja. Anachoma barafu kwa meno ya kiatu cha kulia, anaruka, na hapo mwili unazunguka upande wa pili, kinyume na ule mpindo aliokuja nao. Ndiyo maana ni mgumu: unaanza kwa kupingana na mwili wako mwenyewe. Zungusha mara nne, chini ya sekunde moja, halafu utue kwa mguu mmoja, bado kinyumenyume. Mmarekani Brandon Mroz aliufanya mwaka 2011, lakini miaka iliyofuata ulibaki kitu cha nadra.

Novemba 2015, Beijing, kwenye Kombe la China, Jin ana miaka kumi na minane. Anaruka Lutz ya mizunguko minne, anatua, na kabla hujapumua anaunganisha mruko mwingine wa mizunguko mitatu. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo mashindanoni. Kwa hesabu za wakati ule, muunganiko huo ulikuwa na thamani ya alama 17.9 hata kabla majaji hawajaongeza chochote.

Miezi mitatu baadaye, Taipei, mashindano ya Mabara Manne, akatia fora zaidi: miruko minne ya mizunguko minne ndani ya programu huru moja, ile sehemu ndefu ya pili ya mashindano. Wa kwanza duniani. Na hakushinda! Patrick Chan wa Kanada, aliyeruka michache kuliko yeye, alimpita kwa alama 290.21 dhidi ya 289.83. Piga hesabu: 0.38. Chan alikuwa na kitu ambacho Jin hakuwa nacho bado, ule utelezi wa mtu mzima, kila hatua ikiitika muziki. Walisema Jin ni mashine ya kuruka. Mimi naona walimwonea kidogo; mtoto wa miaka kumi na minane utamdai ukomavu wa mtu wa ishirini na mitano? Ila alama ni alama.

Mwaka huo huo, Boston, shaba ya dunia: Mchina wa kwanza kupanda jukwaa hilo la wanaume wanaoteleza peke yao. Mwaka 2017, Helsinki, shaba tena, safari hii kwa 303.58.

Lakini mlango akishaufungua mmoja, wanaingia wengi. Februari 2017 Nathan Chen wa Marekani akaruka miruko mitano ya mizunguko minne katika programu huru moja. Olimpiki ya Pyeongchang 2018, akaruka sita. Na hapo Pyeongchang ndipo pananiuma. Jin, ambaye wiki chache kabla alikuwa ametoka kuchukua ubingwa wa Mabara Manne, alimaliza na 297.77. Alimpita Chen mwenyewe, kwa 0.42 tu, lakini Javier Fernández wa Hispania alikuwa na 305.24, na shaba ikaenda kwake. Nafasi ya nne ndiyo ya juu kabisa ambayo mwanamume wa China anayeteleza peke yake alikuwa amewahi kufika kwenye Olimpiki. Ya nne, hata hivyo, haina medali. Mwezi uliofuata, Milan, kwenye ubingwa wa dunia, akaanguka na kuanguka, akamaliza wa kumi na tisa. Mla ni mla leo.

Kisha wakubwa wa mchezo wakabadili sheria. Kuanzia msimu uliofuata thamani ya Lutz ya mizunguko minne ilishushwa kutoka alama 13.6 hadi 11.5. Majaji, waliokuwa wakiongeza au kupunguza hadi daraja tatu kwa ubora wa mruko, wakapewa tano. Programu huru ya wanaume ikapunguzwa nusu dakika na mruko mmoja. Maana yake kwa lugha ya sokoni: bidhaa aliyoileta Jin ilishuka bei, na kuidondosha kukawa na gharama zaidi. Aliendelea. Mwaka 2019, Saitama, alikuwa wa tano duniani. Mwaka 2022, Olimpiki ya nyumbani Beijing, wa tisa.

Nimesema sana. Tuzime taa, kijana wa projekta atuwekee Taipei 2016. Msiangalie mavazi, angalieni mguu wa kushoto. Mkiona anarudi nyuma, amekaza bega na kutazama juu ya bega lake, anzeni kuhesabu mizunguko, kwa sauti tafadhali. Wengi hupotea wakifika wa tatu.