Waifai ya Linux imegoma? Iulize kompyuta kwanza

Assalaam alaikum, na karibuni tena. Leo tuko Bagamoyo, Mji Mkongwe, ndani ya nyumba ya mawe, na hapa mezani nina laptopu ya binti mmoja anayesomea sanaa hapa mjini. Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ameiweka mwenyewe, na kila kitu kinafanya kazi: sauti, kamera, programu yake ya kuhariri video. Waifai ndiyo hakuna. Ukibofya alama ya mtandao, pale chini kulia, hapatokei hata jina moja. Ameshaambiwa na watu wawili kwamba aifute Linux arudi alikotoka. Kama na wewe umeambiwa hivyo, nakuomba usifute kwanza. Kompyuta inajua tatizo liko wapi, na ukiiuliza itakwambia.

Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inafunguka. Andika:

rfkill list

Amri hii inaonyesha redio zote zilizomo ndani ya mashine na kama zimefungwa. Ukiona waifai imeandikwa "Soft blocked: yes", imezimwa na programu, andika rfkill unblock wifi, yamekwisha. Ukiona "Hard blocked: yes", amri hiyo haitakusaidia. Tafuta swichi ndogo ubavuni mwa laptopu, au kitufe chenye alama ya antena kwenye safu ya F juu ya kibodi, ubonyeze pamoja na Fn.

Sasa angalia ya kwetu. Inaonyesha bluetooth peke yake. Waifai haimo kabisa kwenye orodha. Hapo tumeshajua jambo kubwa: haijazimwa, ila mfumo haujaitambua bado. Ukibonyezabonyeza vitufe hapa utachoka bure.

Swali la pili ndilo lenye uzito, kwa hiyo tutakaa nalo kidogo:

lspci -nnk

Maandishi yatakuwa mengi. Pandisha juu taratibu mpaka uuone mstari wenye maneno "Network controller", hiyo ndiyo kadi ya waifai. Kwetu unasomeka Broadcom BCM43142, na mwisho wake kuna mabano ya mraba yenye 14e4:4365. Hizo herufi na tarakimu nane ziandike kwenye karatasi. Jina la laptopu lililobandikwa kwenye kifuniko halikusaidii sana, kwa sababu laptopu mbili za aina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani. Ile namba ndiyo kitambulisho chenyewe. Sehemu ya kwanza ni ya mtengenezaji wa kadi: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros. Sehemu ya pili ni kadi yenyewe. Ukitafuta msaada popote, tafuta kwa namba hiyo.

Chini yake kuna mstari wa "Kernel driver in use". Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwetu pameandikwa bcma-pci-bridge, na mtu akiona jina pale anadhani draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, ipo. Hilo ni daraja tu la kuifikia kadi, halijui kurusha wala kunasa waifai. Draiva ya kadi hii inaitwa wl.

Kwa nini haikuja na Linux? Kwa sababu Broadcom hawakuitoa wazi. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, tangu Linus Torvalds alipoianza mwaka 1991, inajengwa kwa programu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma na kuzirekebisha, na wl haisomeki yote. Kwa hiyo inakaa pembeni, unaiongeza mwenyewe. Kadi nyingi za Intel hazina shida hii: draiva imo tayari, na zinachohitaji ni faili ya kuiamsha kadi tu. Faili za namna hiyo zamani zilikuwa zinawakosesha watu usingizi kwenye Debian, aina nyingine ya Linux, lakini tangu Debian 12 ya mwaka 2023 zimo ndani ya diski rasmi ya kusakinishia. Ukiwa na wasiwasi nazo, andika sudo dmesg | grep -i firmware, usome kama kuna mstari unaolalamika kwamba faili haikupatikana.

Turudi kwetu. Draiva inapatikana intaneti, na intaneti hatuna. Mafundi wengi wanakwama hapa, na dawa yake umeishika mkononi. Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya ule ule wa kuchajia, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa ile ya USB (USB tethering). Laptopu itaiona simu kama mtandao wa waya, haihitaji draiva yoyote ya waifai. Hakikisha waya wako unapitisha data, maana kuna nyaya za bei rahisi zinazochaji tu. Na kama bando lako ni dogo, usikubali mfumo ukikuomba usasishe kila kitu. Leo tunachukua kitu kimoja:

sudo apt update
sudo apt install broadcom-sta-dkms

Utaombwa nenosiri lako. Kwenye Mint zitatokea nyota unapoliandika, kwenye Linux nyingine nyingi hutaona hata nukta moja. Liandike tu, ubonyeze Enter.

Kama mashine yako ina Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizotambuliwa, katikati ya kazi utaombwa utunge nenosiri jipya. Weka tarakimu rahisi za kukumbuka, utazihitaji mara moja tu. Halafu zima na uwashe. Hapa naomba utulie, usiondoke kwenda kunywa chai. Itatokea skrini ya bluu, na haikai sana. Chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", andika zile tarakimu, kisha "Reboot". Ukiiacha skrini ikapita, draiva itakuwepo lakini mashine itaikataa, na wewe utaamini kwamba umeshindwa kumbe umeshamaliza kazi.

Sasa tumewasha tena. Majina ya mitandao haya hapa, matano. Lakini wa nyumba hii haumo! Simu ya binti inauona, laptopu haiuoni. Tuulize tena:

nmcli device wifi list

Angalia safu ya CHAN. Namba zote ni kati ya 1 na 13, yaani gigahezi 2.4. Mitandao ya gigahezi 5 huanzia 36 kwenda juu. Kadi hii ya BCM43142 haina gigahezi 5 kabisa, na rauta ya hapa ilikuwa imewashwa hiyo peke yake. Nimeingia kwenye mipangilio ya rauta nikawasha 2.4, nikaipa jina lake tofauti. Jina limetokea.

Na hata kama kadi yako ina masafa yote mawili, ukiwa kwenye nyumba kama hizi za Bagamoyo jaribu 2.4 kwanza. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Tazama dirisha hili: nikiulaza mkono hapa, kuanzia kiwiko mpaka vidole vinaenea na bado sijatoka nje. Gigahezi 5 ina kasi kubwa, lakini ukuta kama huu unaimeza. Tembea na laptopu ukitazama safu ya SIGNAL. Hapa sebuleni inasoma 71, chumba cha ndani 24. Tumeihamisha rauta kutoka nyuma ya kabati, tukaiweka juu karibu na mlango, chumba cha ndani kikapanda hadi 46. Hakuna tulichonunua.

Kama wewe umeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, fuata njia hatua kwa hatua. Andika ip route, tafuta namba baada ya "default via". Hiyo ni rauta yako. Ipigie ping -c 4 na namba hiyo, ni kama kubisha hodi uone kama itajibu. Isipojibu, shida iko kati yako na rauta. Ikijibu, piga ping -c 4 8.8.8.8, hiyo ni mashine ya Google huko intaneti. Isipojibu, rauta haina intaneti, pengine bando limekwisha. Ikijibu na kurasa bado hazifunguki, tatizo ni DNS, yule anayegeuza majina kuwa namba. Ingia mipangilio ya mtandao huo, sehemu ya IPv4, uandike 1.1.1.1 kwenye DNS.

Kama unakatika kila baada ya dakika chache, mara nyingi ni kubana umeme:

sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Badilisha 3 iwe 2, hifadhi, uwashe mashine upya.

Na binti, hili nakuambia wewe na wengine wenye kadi kama yako: siku keneli ikisasishwa na waifai ikapotea asubuhi yake, usishtuke. Draiva hii hujengwa upya kwa kila keneli, na safari nyingine haijengeki. Washa mashine, shikilia Shift au gusa Esc, chagua "Advanced options", uingie na keneli ya zamani. Waifai itakuwepo, na kutoka humo utarekebisha kwa utulivu.

Nachomoa waya wa simu sasa. Tunahamia chumba cha ndani, ping inaendelea... majibu yanakuja, hakuna lililopotea. Kama kadi yako ni nyingine, niandikie hapo chini ule mstari wote wa "Network controller" pamoja na zile herufi na tarakimu nane, na mstari wa draiva ulio chini yake. Nikiiona hiyo nitajua pa kuanzia.