Gari Lako Linamwambia Nani?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia taarifa ambazo magari hukusanya kuhusu wanaoyaendesha. Kaka Hamisi, anza na kisa cha kurasa 258.

HAMISI: Asante dada. Mwaka 2024 gazeti la New York Times liliandika habari za dereva mmoja wa Marekani ambaye bima ya gari lake ilipanda kwa asilimia 21, na hajawahi kusababisha ajali. Akaomba taarifa zake kwa LexisNexis, kampuni inayokusanya taarifa za watu na kuziuza, hata kwa kampuni za bima. Akaletewa kurasa 258. Humo mlikuwa na safari 640 za yeye na mkewe: saa ya kuondoka, saa ya kufika, mwendo ulipozidi, breki ilipokanyagwa ghafla.

ZUHURA: Nani aliyezipeleka huko?

HAMISI: General Motors, waliolitengeneza gari lenyewe. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilieleza kwamba wakati mwingine GM ilichukua mahali gari lilipo kila baada ya sekunde tatu. Ikataka izuiwe kwa miaka mitano kuwapa taarifa hizo wanaotengeneza ripoti za aina ile.

ZUHURA: Kila mara jibu la kampuni ni moja: mteja aliridhia. Aliridhia wapi? Unawasha gari, skrini inakujazia maandishi, unabonyeza "nakubali" ili upate ramani. Na abiria je? Mtoto aliyeketi nyuma aliulizwa lini? Mwaka 2023 shirika la Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walikagua chapa 25 za magari kwa upande wa faragha, na hakuna hata moja iliyofaulu.

HAMISI: Kuna atakayesema, mimi sina cha kuficha.

ZUHURA: Nawasikia, na siwalaumu. Lakini mahali ulipo si nukta kwenye ramani tu, kaka. Gari linapolala ni kwako. Linapoegeshwa asubuhi ni kazini. Ikiwa kila Alhamisi linasimama nje ya kliniki ya saratani, aliyeishika orodha hiyo ameshajua jambo ambalo huenda hujamwambia hata mama yako. Huhitaji kuwa na kosa ndipo hilo likuumize.

HAMISI: Na orodha huvuja. Desemba 2024 ilijulikana kuwa taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen zilikuwa wazi mtandaoni. Kwa magari kama 460,000, uliweza kujua yalipoegeshwa. Yalikuwemo ya polisi wa Hamburg.

ZUHURA: Polisi wenyewe!

HAMISI: Sasa, mimi sipingi gari kujua lilipo. Ulaya, tangu 31 Machi 2018, kila aina mpya ya gari dogo lazima iwe na mfumo uitwao eCall. Ajali kubwa ikitokea, gari linapiga lenyewe namba ya dharura, 112, na kutuma mahali lilipo. Kabla ya ajali halifuatiliwi na mfumo huo. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba ukitaka usalama lazima ukubali kuchunguzwa mchana na usiku.

ZUHURA: Hapo umenena. Kuokoa maisha ni kazi moja, kuuza safari za mtu ni kazi nyingine. Na si magari tu. Mwaka 2017 Vizio, kampuni ya televisheni, walikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kunasa yanayotazamwa kwenye televisheni milioni 11 bila ridhaa. Kuna na vile vifuatiliaji vidogo vya kutafutia funguo. Wapo wanaovificha kwenye magari ya wapenzi wao wa zamani. Tangu Mei 2024 iPhone na Android hutoa tahadhari kifaa usichokijua kikisafiri nawe.

HAMISI: Tahadhari ikija na unamhofia mtu, usikimbilie kukitupa. Nenda kwanza mahali penye watu, uende nacho polisi, maana ni ushahidi.

ZUHURA: Na anayeuza gari lake?

HAMISI: Afute simu zote zilizounganishwa, maana majina na namba huweza kubaki humo. Arudishe mfumo kama ulivyotoka kiwandani, kisha aliondoe gari kwenye programu ya simu yake. Wengi husahau hili la mwisho. Mwenye gari wa zamani huweza kuendelea kuona lilipo, na kwa baadhi ya magari hata kufungua milango.

ZUHURA: Basi mnunuzi ashuhudie likiondolewa kabla hajatoa hela.