Cheni ya taimingi nyumbani: mkono kwanza, stata baadaye

SOMOE: Wasikilizaji wa Mtwara, Lindi na popote mlipo, karibuni. Niko na Fundi Issa, na leo ni mada mliyoiomba sana: kubadilisha cheni ya taimingi, ile inayozungusha valvu za injini kwa mpangilio na pistoni, ukiwa nyumbani. Fundi, mtu atajuaje kuwa cheni imechoka?

FUNDI ISSA: Asante, dada Somoe. Sikiliza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Ukiwasha, upande wa mikanda panalia kacha-kacha-kacha, kama korosho za maganda zinatikiswa kwenye debe, halafu baada ya sekunde chache kimya.

SOMOE: Kwa nini kinyamaze?

FUNDI ISSA: Tensiona, yaani kifaa kinachokaza cheni, inasukumwa na presha ya oili. Presha ikiwa haijapanda, cheni iliyolegea inapigapiga. Ikipanda, cheni inakazwa. Sasa mlio ukibaki hata injini ikiwa ya moto, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, safari ya Masasi iahirishe.

SOMOE: Lakini cheni ni chuma, fundi. Inalegeaje?

FUNDI ISSA: Pini zake zinalika. Kila pini kidogo sana, ila zikijumlishwa cheni nzima inakuwa ndefu. Na kinachozila ni oili chafu. Watu wameambiwa injini ya cheni haiguswi, basi mtu anaongeza oili juu ya oili, kumwaga hamwagi. Hilo linaniuma, kwa sababu oili na filta ni bei ndogo sana ukilinganisha na kazi hii.

SOMOE: Wengi hapa tunatembelea Toyota IST na Probox zenye injini ya 1NZ. Cheni ikiruka meno?

FUNDI ISSA: Kranki, inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara mbili, na kamshafti, inayofungua valvu, mara moja. Ndio mpangilio wake. Ukivurugika, kwenye 1NZ pistoni inapanda na kukuta valvu bado iko wazi. Valvu zinapinda, na hapo unashusha silinda hedi.

SOMOE: Haya, mtu yuko kwake Shangani, ua wote mchanga, spana anazo. Aanze?

FUNDI ISSA: Kwenye mchanga asianze! Kusi likivuma, hata turubai halitoshi. Aombe sehemu yenye sakafu ya zege na ukuta wa kukinga upepo. Aoshe injini na aikaushe kabla hajalegeza nati hata moja. Kava la mbele likitoka, sampu, yaani bakuli la oili, inabaki wazi pale chini. Aizibe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Punje ikidondoka mle itafuata oili, na oili ndiyo inayolainisha beringi za kranki.

SOMOE: Na injini inashikwa na nini? Maana nasikia mguu wa injini unatoka.

FUNDI ISSA: Wa kulia unatoka, maana umekaa mbele ya kava. Unaweka jeki chini ya sampu, katikati kipande cha ubao kinene. Lakini gari lenyewe likae kwenye stendi, usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Na betri umeshaitoa waya.

SOMOE: Spea?

FUNDI ISSA: Chukua cheni, tensiona, reli zote mbili za plastiki na sili ya kranki. Cheni mpya juu ya reli zilizochimbika ni hela ya kutupa. Ukiagiza Kariakoo, mzigo ukishuka kwenye basi, hesabu pingili za cheni mpya na ya zamani. Zisipolingana, usiifunge.

SOMOE: Sasa alama. Hapo ndipo watu wanapopotelea.

FUNDI ISSA: Kabla ya kufungua, pistoni namba moja iwe juu kabisa, alama ya puli ya kranki, ile inayovuta mikanda, isome sifuri, na alama za gia za kamshafti ziwe juu. Piga picha. Cheni mpya ina pingili za rangi, kila moja ina alama yake kwenye gia. Tensiona unaibana, unaitia pini. Ukishamaliza kupanga unaichomoa hiyo pini, tensiona inakaza cheni.

SOMOE: Kisha unawasha?

FUNDI ISSA: Hapana! Weka soketi kwenye nati ya puli, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande ule injini inakozungukia ikiwaka. Ikigoma ghafla, simama. Usiilazimishe, hiyo ni valvu imegusa pistoni. Ikizunguka vizuri, tazama alama za gia, zote ziwe zimerudi.

SOMOE: Na pingili za rangi?

FUNDI ISSA: Hizo zitakuwa zimehama, na usishtuke. Zinarudi kulingana baada ya mizunguko mingi. Kuna watu wanafungua upya kazi iliyokuwa sawa kwa ajili hiyo. Tazama gia tu.

SOMOE: Na asiyewahi kufungua hata kava la juu?

FUNDI ISSA: Amwite fundi aje nyumbani, asimame naye mwanzo hadi mwisho. Gereji nyingine hawakuruhusu kutazama, kwako unaona kila kitu.

SOMOE: Kufunga kava?

FUNDI ISSA: Silikoni mstari mwembamba, iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, ndipo umimine oili. 1NZ inakula lita 3.7 pamoja na filta. Ukiwasha, ikilia sekunde chache ni tensiona inajaa. Ikiendelea, zima hapo hapo.

SOMOE: Ahsante, fundi. Wenye maswali ya tensiona tutumieni sauti, kipindi kijacho tutaanza nayo.