Sikio la Kazi na Sikio la Nyumbani

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Huku ni saa nne usiku, najua nyumbani wengi mmeshalala na hii mtaiona kesho. Nimetoka kazini muda si mrefu, masikio bado yana joto, kwa hiyo leo sina hata ule muziki wa chinichini wa kufungulia video. Mtanisikia mimi tu.

Kuna swali mnaniuliza sana: wewe unayeshinda studio, ukirudi nyumbani unasikiliza nini? Nimelikwepa muda mrefu, na leo nataka kulijibu sawasawa. Nililikwepa kwa sababu sikuwa na jibu. Kwa karibu miaka miwili, jamani, nilikuwa nikirudi nyumbani sisikilizi kitu chochote. Mimi niliyelala na redio kifuani utoto wangu wote.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengine mnadhani mimi ni prodyuza. Hapana. Mimi nafanya masta. Wimbo unapofika kwangu umeshatungwa, umeshaimbwa, ala zimeshachanganywa. Mimi ndiye wa mwisho kuushika kabla haujatoka. Naangalia besi isimeze sauti ya mwimbaji, wimbo wa tatu usipige kelele kuliko wa pili, na ukichezwa kwenye simu, kwenye gari au kwenye spika za ukumbi ubaki wimbo uleule. Mikononi mwangu hauongezeki noti hata moja. Kazi yangu ni kutafuta kasoro na kuiondoa bila mtu kujua nilipita.

Sasa fikiria unatafuta kasoro saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, mwaka baada ya mwaka. Sikio linazoea. Linaanza kutafuta hata pale usipolituma.

Alikuja dada mmoja mtunzi, ana nyimbo saba. Kwenye wimbo wa nne, ubeti wa pili, kila anapotamka herufi s inachoma. Wanaorekodi mnalijua hilo: ule mluzi mkali unaotoka kati ya meno na kipaza sauti. Nikautafuta, nikaukuta kwenye masafa ya sauti ya hezi 7,000 hivi, nikaubana neno kwa neno, pole pole, karibu saa nzima. Nikaridhika. Siku ya kusikiliza alikaa kwenye kochi nyuma yangu. Wimbo ulipoisha nikageuka, nikamkuta anafuta machozi. Akaniuliza, "Ubeti wa pili umeuonaje?" Nikamwambia s zake sasa ziko laini, hazichomi tena. Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu kabisa, bila hasira, kwamba pale alikuwa anaongea na baba yake, siku waliyomzika.

Ubeti ule nilikuwa nimeusikia si chini ya mara 40. Nilijua ni wapi anavuta pumzi. Nilijua maikrofoni ilikuwa umbali gani na mdomo wake. Lakini alichokuwa anakisema sikukisikia.

Sikulala usiku ule.

Msinielewe vibaya, kazi hii naipenda na sina mpango wa kuiacha. Lakini nilianza kujichunguza. Na nikaona tatizo si masikio peke yake, biashara yenyewe nayo inakufundisha kusikiliza vibaya. Mfano mdogo. Spotify haihesabu kwamba wimbo umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30. Hilo peke yake limebadilisha utunzi. Naletewa nyimbo ambazo kiitikio kimeletwa mbele kabisa, gitaa la kufungulia limekatwa, kwa hofu kwamba msikilizaji ataruka. Nyimbo zinaingia ndani bila kubisha hodi. Halafu kuna ugomvi wa sauti kubwa. Wateja wananiambia nipandishie, nipandishie, wimbo wangu upige kuliko wa fulani. Wakati huohuo hiyo mitandao ya kusikilizia muziki inasawazisha nyimbo zote. Spotify, usipogusa mipangilio yake, inazileta kwenye hasi 14 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kinachoitwa LUFS. Ukiubana wimbo mpaka ukapiga kelele, wao wanaushusha. Unachobaki nacho ni wimbo uliobanwa pumzi, na sauti haijawa kubwa kuliko ya jirani. Hili nalieleza karibu kila wiki na bado kuna anayetoka hajaniamini.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa kazi hii hatulisemi. Tukikutana, swali la "unasikiliza nini siku hizi" linakuwa mtihani. Kila mtu anataja majina yanayoonyesha kwamba anajua. Na mimi nilikuwa na majina yangu ya kutaja, nimeyapanga kabisa, baadhi yake sijawahi kusikiliza albamu nzima. Yale ninayoyapenda kweli nilikuwa siyataji. Leo nayataja.

La kwanza, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Huyu mama ndiye aliyenirudisha. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kampuni kubwa za santuri zilikuwa zimeanza kutumia maikrofoni za umeme miaka mitatu tu kabla yake, 1925. Kabla ya hapo mwimbaji alikuwa anaimbia ndani ya pembe kama ya tarumbeta. Sahani ile ilikuwa inabeba dakika tatu hivi kila upande, na ukikosea hakuna kukata na kubandika, mnarudia wote kuanzia mwanzo.

Usiku nilioufungua wimbo wake nilikuwa nimechoka, nikavaa hedifoni kwa mazoea. Mkwaruzo wa sahani ukaanza, shhhh, kama mvua ya mbali. Mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta kitufe cha kusafisha. Halafu nikakumbuka hapa hakuna cha kusafisha. Kilichotokea chumbani mle kimeshatokea. Udi na fidla na sauti ya mwanamke vimeingia pamoja kwenye nta ya kurekodia, vimeshikana, huwezi kupandisha kimoja ukakiacha kingine. Basi nikashusha mkono. Na ndugu zangu, niliposhusha mkono, nikasikia maneno. Nilisikia anavyolivuta neno la mwisho la mshororo na kuliachia pale fidla inapolipokea. Nikaurudia wimbo ule mara nne. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana kuurudia wimbo kwa sababu nautaka.

Kuanzia hapo nikajua ninachohitaji nyumbani: rekodi ambazo siwezi kuzifanya chochote.

Ndiyo maana la pili ni muziki wa dansi wa miaka ya sabini, zile sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Vijana nieleze kidogo. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu, haukutosha upande mmoja. Kwa hiyo waliugawa. Upande wa kwanza mashairi, hadithi yote inaelezwa, waimbaji wanapokezana. Inapofika katikati, fundi anashusha sauti taratibu mpaka kimya. Unanyanyuka, unageuza sahani, unaweka sindano. Upande wa pili ni chemko. Gitaa la solo linaachiwa, besi inatembea, hakuna tena maelezo, ni kucheza. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, alikuwa anaimba na kupiga solo mwenyewe, na kwangu mimi gitaa lake linaongea sawasawa na mdomo wake. Linajibu swali ambalo mdomo umeliacha.

Niwaambie nilichofanya mwaka jana. Nilikuwa na wimbo mmoja wa namna hiyo, sehemu mbili, faili mbili. Nikajiambia mimi ni fundi bwana, ngoja niunganishe. Nikakaa nao jioni nzima. Upande wa pili ulikuwa na kasi kidogo kuliko wa kwanza, nikaulinganisha. Mlio wa ngoma ulikuwa tofauti, nikaulinganisha. Nikapata kiungo ambacho nyinyi wote hamngekisikia, na mimi mwenyewe nilikuwa nakitafuta kwa shida. Nikausikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ulikuwa umekufa.

Nilikaa kimya nikijiuliza kimepotea nini. Ni ule mwanya. Mzee wangu alikuwa na kigramafoni, na upande wa kwanza ukiisha alikuwa anasimama bila haraka, anafuta sahani kwa kitambaa cha shati lake, anaigeuza. Sekunde kumi, labda kumi na tano. Muda huo nyumba nzima inasubiri. Mama anaacha anachokifanya. Unakuwa umeshayasikia mashairi, unayafikiria, mwili unajiandaa. Chemko ikiingia inakukuta uko tayari. Mwanya ule ulikuwa sehemu ya wimbo, na mimi nilikuwa nimeuziba kwa ustadi wangu wote. Nikaifuta kazi ile ya jioni nzima. Sasa nikiusikiliza wimbo ule sehemu ya kwanza ikiisha nasimama, natembea mpaka dirishani, narudi, nabonyeza sehemu ya pili.

La tatu ni Umm Kulthum wa Misri. Alikuwa anaimba jukwaani kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake na redio ya Cairo inarusha moja kwa moja, wimbo mmoja unaweza kupita saa nzima. Mshororo mmoja anaurudia mara tano, mara sita, watu wanampigia kelele arudie, anarudia, na kila mara kaugeuza kidogo. Nikitoka kwenye wiki ya sekunde 30, huyu ananinyoosha mgongo. Kiarabu changu ni cha kuokoteza na bado namfuata.

Na ninasikiliza kwaya. Kwaya za kawaida, zilizorekodiwa kwa simu, mtoto analia nyuma, sauti ya tatu imeshuka kidogo. Zamani ningesema sauti ya tatu imeshuka. Bado naisikia imeshuka, tusidanganyane. Ila sasa naisikia na mtu mwenyewe yuko ndani yake.

Nyimbo ninazozifanyia kazi sizipigi nyumbani kamwe, hata niwe nimezipenda vipi. Na nasikiliza kwa sauti ya chini. Hili lina sababu ya kazi pia. Tangu 1933 watafiti wawili, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio letu halizisikii besi vizuri, linashika zaidi sehemu za katikati, pale inapokaa sauti ya mtu. Kwa hiyo ukishusha sauti, mapambo yanaondoka na mwimbaji anabaki. Wimbo ukibaki na nguvu hapo, huo umetungwa. Jaribuni leo na wimbo mnaoupenda, mshushe mpaka karibu usisikike, muone kinachobaki.

Na vijana wa hedifoni, nawasihi kama kaka yenu. Kipimo tunachofuata kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, basi. Kila ukiongeza desibeli tatu, muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, ukifika 100 ni robo saa tu. Sikio likishaumia ndani kwa kelele halirudi. Nina rafiki kazini ana mlio masikioni usiku na mchana, kama nzige, hauzimiki. Ananiambia kinachomuuma zaidi ni kwamba hajui tena kimya kikoje.

Wengi mtataka niwapigie hizo nyimbo humu. Siwezi. YouTube ina mfumo unaotambua rekodi wenyewe, na hata kama usingekuwepo, wimbo una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na mimi ninayekula kwa kazi hii siwezi kuwa wa kwanza kuzivunja. Zitafuteni.

Ila nina ombi, na kwa kweli ndilo lililonifanya niwashe kamera usiku huu. Baadhi yenu nyumbani kwenu, juu ya kabati la babu au bibi, kuna sahani za zamani. Zile nzito, nyeusi, za mizunguko 78, zinazovunjika kama sahani ya udongo. Tafadhali msizisafishe kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inaiyeyusha shelaki, utafuta wimbo wenyewe. Tumia maji safi kidogo, kitambaa laini, epuka karatasi ya katikati, kausha mara moja. Zisimamisheni wima, msizilaze moja juu ya nyingine, na zikae mbali na jua. Na ukipata mtu wa kuzihamishia kwenye kompyuta, mwambie ahifadhi kwanza nakala ghafi, na mkwaruzo wake wote, kabla hajagusa kitufe chochote cha kusafisha. Akishaisafisha nakala ya pekee, kilichotolewa pamoja na mkwaruzo hakirudi. Kama imeandikwa sehemu ya kwanza na ya pili, mwambie aziache mbili.