Joto Lilikuwa Kazi: Mhadhara juu ya Kurejea Katika Nyumba ya Marehemu Bibi Wakati wa Baridi

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie kumbukumbu na makazi, nami kwa ruhusa yenu nitaanza na mlango. Mlango wa nyumba ya marehemu bibi yangu, mzaa mama, haufunguki kwa ufunguo peke yake: sharti uuvute kwako kidogo, uuinue kama unene wa kidole, ndipo ufunguo uzunguke. Nilipofika pale katika likizo ya majira ya baridi, mwaka mmoja na ushei baada ya mazishi, nilikuwa na mizigo mkononi na mawazo yangu yalikuwa mbali kabisa, na mlango ukafunguka. Nilikwisha kuingia ndani nilipotambua kwamba mkono wangu ulikuwa umeuvuta na kuuinua bila kuniuliza. Lau ningeulizwa njiani mlango ule hufunguliwaje, ningeshindwa kujibu.

Jambo hilo lina maelezo. Mwaka 1953 Mmarekani aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili atibiwe kifafa, akapoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo; siku baada ya siku mkono ukazidi kuwa stadi, ilhali mwenyewe hakukumbuka kwamba amewahi kulifanya zoezi hilo. Kulikumbuka jambo na kujua kulitenda ni kumbukumbu mbili tofauti, na hii ya pili ndiyo inayotutangulia kuingia katika nyumba ya marehemu. Kidole hukipata kitufe cha taa gizani, mguu hukiruka kipandio cha ngazi kinacholia, na mwili mzima hujiandaa kumkuta mtu ambaye kichwa kinajua fika kwamba hayupo.

Kisha ni pua. Habari za harufu hufika haraka katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, bila kuzunguka kwanza katika kile kituo cha katikati ambacho habari za macho na masikio hupitia, na ndiyo sababu harufu ya kabati moja lililofunguliwa inaweza kumkalisha chini mtu mzima. Lakini pua huzoea haraka. Baada ya dakika chache ile harufu haipo tena kwako, ingawa haijaondoka. Kwa hiyo harufu ya nyumba ya bibi ni ya wageni tu, na bibi mwenyewe, aliyeishi humo miaka yote, huenda hakuwahi kuinusa. Mimi nilitoka nje mara tatu siku ile, katika baridi kali, kwa kisingizio cha kuleta kuni, ili niingie tena.

Mwaka 1688 mwanafunzi wa utabibu mjini Basel, Johannes Hofer, aliyaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya kurejea nyumbani na jingine maumivu, akaupa jina, nostalgia, ugonjwa wa watu waliokuwa mbali na kwao. Na tiba aliyoitegemea zaidi ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Hofer hakumfikiria mtu aliyekwisha kurudi, yumo ndani na amefunga mlango, na bado anaumwa. Kiswahili kinamfikiria. Neno letu ukiwa hutaja upweke wa aliyefiwa, na neno hilo hilo hutaja hali ya mahali palipohamwa. Mkiwa ni mtu, ukiwa ni wake na wa nyumba pia. Sijui kama waliotuachia lugha walikusudia hivyo, lakini mtu akiwa amesimama katika sebule baridi yenye viti vilivyofunikwa shuka hahitaji kufafanuliwa.

Sasa nije kwenye baridi yenyewe, kwa kuwa hoja yangu imo humo. Likizo ya kiangazi katika nyumba ya marehemu huvumilika kwa urahisi: milango hubaki wazi, watoto hushinda nje, na nyumba huwa kama kivuli cha kupumzikia. Majira ya baridi humfungia mtu ndani na nyumba. Mwishoni mwa Disemba katika nusu ya kaskazini ya dunia, kama ilivyo mwishoni mwa Juni katika nusu ya kusini, jua hupita chini sana angani, kwa sababu mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi zipatazo 23.4, na mwanga wake hupenya dirishani kwa ulalo hadi ukuta wa nyuma. Saa nane mchana niliona ukutani, nyuma ya kabati, alama za penseli ambazo katika likizo zote za kiangazi sikuwahi kuziona: vimo vyetu sisi wajukuu, na majina yetu yameandikwa kwa ufupi kwa mkono wake.

Sisi tulizoea kusema kwamba nyumba ya bibi ina joto, kana kwamba joto lilikuwa limejengewa ndani ya kuta. Siyo. Nyumba isiyokaliwa wakati wa baridi hupoa yote, kuta, sakafu, magodoro na hata vijiko katika droo. Ukiwasha jiko la kuni, hewa hupata joto katika saa chache, kipimajoto kikaonyesha nyuzi 20, nawe bado unatetemeka, maana mwili wako unarusha joto lake kwenye kuta baridi zilizokuzunguka, na kuta nene huhitaji siku mbili au tatu kabla hazijaacha kulinyonya. Wakati huo huo pumzi zenu na mvuke wa birika hugusa vioo na kugeuka maji. Asubuhi ya kwanza matone yalikuwa yakitiririka dirishani na shuka zilikuwa na unyevu kama nguo zilizoanuliwa kabla ya kukauka.

Katika nyumba ile ile, katika majira yale yale, tulipokuwa wadogo hatukuwahi kuona tone kwenye kioo. Maana yake kuna mtu aliyekuwa akiamka kabla yetu, akachochea moto, akafungua dirisha la jikoni kwa dakika chache kutoa mvuke, akafuta vioo, akarudi kuketi, nasi tukaamka tukaukuta ulimwengu umekwisha kutengenezwa. Hata kiti chake kina ushahidi. Kilikuwa kimeegemea ukuta wa ndani, karibu na jiko, mbali na dirisha lenye mandhari nzuri, na sisi tulimcheka kwa kuketi pabaya. Usiku wa kwanza nilijaribu kukaa sehemu tatu, na kabla ya saa mbili kupita nilijikuta nimekivuta kiti changu hadi pale pale.

Kuna jambo la mabomba ambalo nisingependa kulipita haraka. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Barafu ikiziba bomba, huyasukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa, shinikizo hupanda, na bomba hupasuka, mara nyingi si pale penye barafu bali hapo mbele palipo dhaifu. Kisha hakuna kinachoonekana. Barafu yenyewe ndiyo kizibo, na nyumba inaweza kukaa wiki nyingi na bomba lililopasuka bila hata tone kuanguka. Ni pale wenyewe wanaporudi na kuwasha moto ndipo maji yanapoanza kutoka.

Yalitufika siku ya pili. Mjomba wangu, ambaye kwenye mazishi alisimamia kila kitu na hakuna aliyemwona akilia, alilala chali chini ya sinki akiwa na spana mkononi, nami nimemshikia tochi. Alilifikia lile bomba, akalipapasa ule ufa, akanyamaza. Kisha akasema, "Mama alikuwa anafunga maji kila akisafiri. Kila safari, mwanangu." Akabaki pale chini, maji yakimdondokea kwenye mkono wa shati, mabega yakimtikisika, na mimi sikujua nimulike wapi.

Niseme pia neno la tahadhari, ingawa si la kumbukumbu. Dohani iliyokaa msimu mzima bila moto inaweza kuwa imezibwa na kiota cha ndege au masizi, na moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika nyumba yenye msiba kila mtu atadhani hiyo ni huzuni. Kama wote mnaumwa kichwa na kinapungua mkitoka nje, tokeni, mwite msaada, na msirudi kuomboleza ndani. Afadhali dohani ikaguliwe kabla ya njiti ya kwanza kuwashwa.

Kuhusu kugawana vitu nitasema machache. Watu hutaja hatua tano za majonzi za daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross, za mwaka 1969, kana kwamba ni ratiba ya wafiwa, ilhali yeye alizieleza kutokana na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Hakuna ratiba. Ila naona ni kosa kufungua makabati siku mbili za mwanzo, wakati kuta bado baridi na kila mtu ana hasira ambayo kwa kiasi fulani ni ya miguu iliyoganda. Sisi tulisubiri hadi siku ya nne, na hata hivyo tuligombana juu ya sufuria.

Siku za baridi kali kuliko zote huja wiki kadhaa baada ya ile siku fupi kuliko zote, kwa kuwa ardhi na bahari hupoa polepole; basi anayeondoka mwishoni mwa likizo huiacha nyumba mbele ya kibaya zaidi. Asubuhi ya kuondoka mjomba alifunga koki kuu, kisha tukafungua koki zote, juu na chini, ili mabomba yabaki matupu. Maji yalichukua muda kuisha. Tulisimama jikoni na makoti yetu, tukisikiliza yakikoroma ndani ya kuta, yakipungua, hadi koki ya sinki ilipotoa pumzi moja ya hewa. Mtoto wa dada yangu aliomba afunge mlango yeye. Alizungusha ufunguo, ukakataa. Nikamwambia auvute kwanza, kisha auinue.